Moyo Wako Ndani ya Kompyuta: Kipi Chako, Kipi cha Kuazima

Kwa takriban miaka 20 namba moja imekuwa ikiwasaidia madaktari wa moyo kuamua nani apandikizwe kifaa cha kushtua moyo na nani arudi nyumbani na dawa zake. Namba hiyo ni 35. Chumba cha chini cha kushoto cha moyo, kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, kwa mtu mwenye afya hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo kila kinapojikaza. Kikidhoofika hadi kutoa asilimia 35 au chini ya hapo, miongozo ya Marekani na Ulaya humhesabu mgonjwa kuwa katika hatari ya kufa ghafla. Hupendekezewa kifaa kidogo kinachokaa chini ya ngozi ya kifua, chenye waya unaofika moyoni, kikisubiri siku mapigo yatakapovurugika ili kiyarudishe kwenye mstari kwa mshtuko wa umeme.

Kifaa hicho kimeokoa maisha ya watu wengi. Lakini wengi zaidi waliowekewa hawajawahi kukihitaji hata mara moja. Wameishi na betri na waya kifuani, wengine wakapata maambukizi, wengine wakapigwa mshtuko pasipo sababu, na hatari iliyohofiwa haikuja. Upande wa pili wapo ambao moyo wao ulikuwa ukitoa asilimia 40 au 45, miongozo ikawapita, kisha wakaanguka ghafla. Namba 35 inasema kweli juu ya wagonjwa elfu moja wakiwekwa pamoja. Juu ya mtu mmoja aliyelala kitandani mbele ya daktari inasema machache mno.

Ndiyo maana kuna watafiti walioamua kuachana na wastani na kumrudia mtu mwenyewe. Mpige mgonjwa picha za moyo, wanasema, kisha kutokana na picha hizo jenga moyo wa hesabu ndani ya kompyuta, wenye umbo la moyo wake, unene wa kuta zake na makovu yake. Ukishaupata, uchokoze. Uongeze mapigo pasipotarajiwa, uutie mkanganyiko wa umeme, uone kama utayumba. Hakuna daktari mwenye akili timamu ambaye angemfanyia hivyo mgonjwa aliye hai ili kujua tu kama atakufa.

Anayejulikana zaidi katika kazi hii ni Natalia Trayanova, mhandisi mzaliwa wa Bulgaria ambaye ni profesa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Hayuko peke yake: London, Barcelona, Bordeaux na Auckland wapo wanaofanya kazi ya aina hiyo, kila kundi kwa njia zake. Swali ninalotaka kulifuata katika makala haya ni moja. Katika moyo huo wa kompyuta, kipi hasa ni cha mgonjwa, na kipi kimeazimwa kwa wengine? Naona thamani yote ya kazi hii imo humo, na udhaifu wake pia.

Tuanze na kilicho chake, yaani picha. Mgonjwa analazwa ndani ya mtambo wa MRI akiwa na nyaya za ECG kifuani, kwa sababu mtambo lazima ujue moyo uko katika hatua gani ya pigo ndipo unase taswira. Sauti inamwambia avute pumzi, aitoe, aizuie. Anaizuia kwa sekunde 10 hadi 15, kipande kimoja cha moyo kinapigwa picha, anapumua, kisha kipande kinachofuata. Kwa mtu ambaye anahema hata akiwa ameketi, kurudia hivyo mara kadhaa ni kazi ngumu, na pumzi ikimponyoka picha hutoka na ukungu. Katikati ya kipimo anadungwa mshipani dawa yenye gadoliniamu. Wanasubiri dakika 10 hadi 20. Kwenye msuli mzima dawa hupita na kuondoka. Kwenye kovu, ambako seli zilikufa na nyuzi ngumu zikachukua nafasi yake, dawa hukawia. Picha ikichukuliwa wakati huo, kovu hung'aa jeupe na msuli mzima hubaki mweusi.

Kati ya weupe na weusi kuna kijivu, na hapo pa kijivu ndipo penye jambo. Ni ukingo wa kovu, ambako seli hai na nyuzi za kovu zimechanganyika. Umeme bado unapita hapo, ila polepole.

Umeme wa moyo husafiri kwa mfano wa moto wa nyika. Pigo linapoanza, wimbi la umeme hutambaa kutoka seli hadi seli, na kila seli iliyokwisha kuwaka inahitaji muda kidogo kabla ya kuweza kuwaka tena, kama nyasi zinavyohitaji kuota upya. Kwenye moyo mzima moto hufika kila mahali kwa pamoja, hukosa nyasi, ukazimika. Pigo limekwisha, jingine litaanza kwa wakati wake. Lakini penye kovu wimbi hulazimika kuzunguka, na sehemu yake moja hujipenyeza kwenye kichochoro chembamba cha seli zilizosalia ndani ya kovu. Mle hujikokota. Linapotokea upande wa pili linakuta nyasi zimeshaota, linawaka upya, linazunguka, linaingia tena kichochoroni. Sasa hakuna anayelizima. Moyo unapiga mara 180 au 200 kwa dakika kwa amri ya mzunguko huo, damu haisukumwi inavyopaswa, na mtu huzimia au hufa.

Kwa hiyo si ukubwa wa kovu peke yake unaoua. Kovu kubwa lisilo na kichochoro linaweza kukaa kimya miaka mingi, na dogo lenye kichochoro cha urefu na wembamba fulani likaleta msiba. Asilimia 35 haiwezi kuona tofauti hiyo. Picha ya gadoliniamu inaweza, au angalau inaweza kuikaribia.

Nasema kuikaribia kwa sababu ya vipimo vyenyewe. Kipande kimoja cha picha za kawaida za MRI ya moyo huwa na unene wa milimita 8 hivi, na ndani ya kipande kila nukta ya picha ni kama milimita moja na nusu. Kichochoro cha seli hai kinaweza kuwa chembamba kuliko hapo. Kisha picha lazima igeuzwe kuwa umbo. Mtaalamu anakaa mbele ya skrini, siku hizi akisaidiwa na akili mnemba, anafuata ukingo wa ndani wa ukuta wa moyo na ukingo wa nje, kipande baada ya kipande, kisha programu inavishona vipande hivyo kuwa chumba kimoja. Baada ya hapo anaamua weupe unaanzia wapi kuitwa kovu na kijivu kinaishia wapi. Ni kiwango kimoja tu kwenye kidirisha cha programu. Akikipandisha kidogo, kovu linasinyaa na kichochoro kinapanuka. Akikishusha, kichochoro kinazibwa. Moyo uliopimwa ni ule ule, picha ni zile zile, lakini jibu la mwisho linaweza kuwa jingine. Ndiyo maana makundi makini huamua viwango vyao kabla ya kujua kilichompata mgonjwa, wakavishika hivyo hivyo kwa wagonjwa wote.

Hivyo ndivyo vitu ambavyo ni mali ya mgonjwa: umbo, unene, kovu, ukingo. Tuje kwenye vya kuazima.

Cha kwanza ni mpangilio wa nyuzi za msuli. Moyo haukujengwa kwa msuli uliolala upande mmoja. Ukiupima ukuta wa chumba cha kushoto kutoka ndani kwenda nje, mwelekeo wa nyuzi hugeuka taratibu, kwa kadirio la nyuzi 60 za pembe upande mmoja kule ndani hadi 60 upande wa pili kule nje. Jambo hilo lina uzito, kwa kuwa umeme hukimbia kwa kadiri ya sentimita 60 kwa sekunde ukifuata nyuzi, na hupungua sana ukizikata. Ukikosea mwelekeo, umekosea njia ya wimbi. Katika moyo uliotolewa mwilini mpangilio huo unapimika vizuri kwa MRI maalumu inayofuatilia mwendo wa maji ndani ya msuli, mtambo ukiachwa ufanye kazi kwa saa kadhaa bila chochote kutikisika. Kwa mtu anayepumua, mwenye moyo unaoruka, kipimo hicho ni kigumu mno kwa matumizi ya kila siku. Basi modeli nyingi hupewa nyuzi kwa kanuni: hapa ndani pembe hii, pale nje pembe ile, katikati gawanya. Mizizi ya kanuni hizo ni mioyo ya wanyama. Mwaka 1991 kundi la Auckland, New Zealand, alimokuwamo Peter Hunter, lilichapisha ramani ya moyo wa mbwa wakiwa wamepima pembe za nyuzi hatua kwa hatua kwa kuukwangua ukuta tabaka baada ya tabaka. Kazi hiyo ya mikono ilizaa sehemu kubwa ya yale ambayo kompyuta hufanya leo.

Cha pili ni tabia ya seli. Picha haionyeshi sodiamu ikiingia kwenye seli wala potasiamu ikitoka. Hilo huletwa na milinganyo, na historia yake inastahili kusimuliwa. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliandika milinganyo ya umeme wa neva kubwa ya ngisi, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kijana aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika University College London, Denis Noble, aliamini hesabu hizo zinaweza kubadilishwa zikaeleza seli ya moyo. Chuo Kikuu cha London kilikuwa na kompyuta moja aina ya Mercury, iliyogombaniwa na kila mtu. Yeye alipewa saa za usiku wa manane, kuanzia saa 8 hadi saa 10 alfajiri. Ikifika saa 11 alikwenda machinjioni kuchukua mioyo ya kondoo kwa ajili ya vipimo vya mchana. Mwaka 1960 matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Nature: seli ya moyo iliyopiga yenyewe, kwa mdundo wake, ndani ya hesabu.

Milinganyo imekua sana tangu hapo. Ule wa Thomas O'Hara na Yoram Rudy wa mwaka 2011, unaotumika sana hivi leo, ulijengwa kwa vipimo kutoka mioyo ya binadamu zaidi ya 100 isiyokuwa na ugonjwa. Ni hatua kubwa mbele kutoka kwa kondoo. Hata hivyo, mgonjwa wa Baltimore anapojengewa moyo wake, seli zinazojaza moyo huo si zake. Ni seli za wastani, zimerekebishwa kidogo kwenye ukingo wa kovu kulingana na yaliyopimwa kwa wengine. Dawa anazomeza, kiwango cha potasiamu katika damu yake siku hiyo, urithi wake wa vinasaba, vyote vinaweza kubadilisha muda ambao seli inahitaji kabla ya kuwaka tena.

Cha tatu hakionekani kabisa. Umeme hausambai chumbani kutoka nukta moja. Huletwa na mtandao wa nyuzi nyembamba zinazotandaa chini ya utando wa ndani wa moyo, nyuzi za Purkinje, zikipitisha umeme kwa kasi mara kadhaa kuliko msuli wa kawaida. Hakuna picha ya hospitali inayouonyesha mtandao huo kwa mtu aliye hai. Wanaouhitaji katika modeli yao huuotesha kwa kanuni, tawi kwa tawi.

Msomaji anaweza kuona kwamba hapa kuna azima nyingi kuliko mali. Nami naona hivyo. Lakini ushahidi uliopo unaonyesha kwamba hicho kidogo kilicho cha mgonjwa mwenyewe kina nguvu isiyotarajiwa.

Mwaka 2016 kundi la Trayanova lilitoa katika Nature Communications matokeo ya wagonjwa 41 waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo zamani, ambao moyo wao ulikuwa umeshuka chini ya ile asilimia, na ambao walipigwa MRI kabla ya kuwekewa kifaa. Waliujenga moyo wa kila mmoja, wakauchokoza kwa mapigo bandia kutoka sehemu mbalimbali, wakaandika upi ulizua mzunguko na upi ulitulia. Kisha wakalinganisha na kilichotokea kweli, kwa kuwa kifaa huweka kumbukumbu ya kila mara kilipolazimika kushtua. Jibu la kompyuta liliwatofautisha wagonjwa vizuri kuliko vipimo vya kawaida, ikiwemo asilimia ya damu inayosukumwa. Seli zilikuwa za kuazima, nyuzi zilikuwa za kanuni. Umbo na kovu peke yake ndivyo vilivyokuwa vyao. Bila shaka watu 41 ni wachache, na walichunguzwa baada ya mambo kutokea. Lakini sioni namna ya kulipuuza jambo hilo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kutoka kutabiri kwenda kutibu. Kuna ugonjwa ambapo vyumba vya juu vya moyo hupoteza mdundo na kutetemeka tu, damu ikatuama, bonge likaweza kuruka hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Tiba mojawapo ni kupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni na kuchoma kwa ncha yake sehemu zinazochochea fujo. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walionyesha kwamba vichochezi vingi hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, na kuizingira mishipa hiyo kwa mstari wa kuchoma kukawa tiba ya dunia nzima. Kwa ugonjwa uliokomaa, ambapo kuta zimeshajaa makovu, tiba hiyo pekee mara nyingi haitoshi. Mgonjwa anarudi, anachomwa tena, anarudi tena.

Wale wa Baltimore walifanya hivi: waliujenga moyo wa mgonjwa kwa MRI, wakautia fujo, wakatafuta mizunguko inayouendesha, wakaichoma ndani ya kompyuta, kisha wakauchokoza upya. Hapo ndipo walipokuta kitu chenye mafunzo. Ukiondoa mzunguko mmoja, kovu lililobaki pamoja na alama ulizochoma wewe mwenyewe vinaweza kuzaa mzunguko mwingine ambao haukuwapo mwanzo. Chumba cha upasuaji kisingeuona. Ungejitokeza miezi kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani. Ndani ya kompyuta walichoma na kuchokoza, wakachoma na kuchokoza, hadi hakuna kilichoweza kuanzishwa, na orodha ya mwisho ya sehemu ikapakiwa kwenye mtambo unaomwongoza daktari anaposogeza katheta. Wagonjwa 10 wa kwanza waliripotiwa mwaka 2019, na majaribio makubwa zaidi ya wagonjwa 160, wanaopangwa kwa bahati nasibu kati ya njia hii na ile ya kawaida, yakaidhinishwa. Kuta za vyumba vya juu zina unene wa milimita mbili tatu tu, kwa hiyo nukta ya picha ya milimita moja na kitu iko karibu sana na mwisho wa uwezo wake. Ninaheshimu uamuzi wao wa kuliweka jambo hili mbele ya bahati nasibu badala ya kutangaza ushindi.

Fani hii ina sababu ya kuwa na tahadhari. Katika miaka ya 1980 madaktari walijua kwamba waliopona mshtuko wa moyo na kubaki na mapigo ya ziada hufa zaidi. Walikuwa na dawa zilizozima mapigo hayo, na zikionekana kuyazima kweli kwenye karatasi ya ECG. Lilikuwa jambo la kueleweka kabisa. Utafiti wa CAST, uliotoa matokeo ya kwanza mwaka 1989, ulikuta kwamba waliopewa dawa hizo walikufa kwa wingi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Moyo wa kompyuta ukituonyesha mzunguko ukizimika, nasi tukaona imeeleweka, wale waliokufa wanastahili tuwakumbuke.

Upo upande mmoja wa kazi hii ambao umeshatoka maabara na kuingia wodini, nao hauhusu umeme bali mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Mshipa ukiwa na mbano, swali kubwa ni kama mbano huo unazuia damu kiasi cha kuhitaji kuzibuliwa. Nico Pijls wa Eindhoven na Bernard De Bruyne wa Aalst waliendeleza katika miaka ya 1990 njia ya kupitisha waya wenye kipima shinikizo hadi ng'ambo ya mbano. Ikiwa shinikizo la ng'ambo ni asilimia 80 au chini ya shinikizo la nyuma yake, mbano una madhara. Njia hiyo ni ya kuaminika, lakini inahitaji kuingia mwilini kwenye chumba cha katheta. Charles Taylor, mhandisi wa Stanford, alijiuliza kama waya huo unaweza kubadilishwa na hesabu. Kutoka kwenye picha za CT-Scan mti wa mishipa huchongwa, kisha milinganyo ile ile inayoeleza mwendo wa vimiminika hukokotoa shinikizo kila mahali. Kampuni aliyoianzisha na mwenzake, HeartFlow, ilipata idhini ya Marekani Novemba 2014, na mwaka 2017 taasisi ya Uingereza inayoshauri huduma ya afya ya umma ikaipendekeza. Hospitali hutuma picha. Mti unarudi ukiwa na rangi na namba.

Huku nako azima ipo. CT haioni mishipa midogo kabisa inayokunywa damu kutoka mikubwa, kwa hiyo ukinzani wake hukadiriwa kutokana na uzito wa msuli wa moyo wa mgonjwa, na mwitikio wake kwa dawa ya kutanua mishipa huchukuliwa kuwa wa wastani. Mtu mwenye kisukari cha miaka mingi, ambaye mishipa yake midogo imeharibika, anaweza kuwa mbali na wastani huo. Utafiti wa FORECAST uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 1,400 na kuchapishwa mwaka 2021 ulikuta njia hii ikipunguza kwa asilimia 22 idadi ya wanaoingizwa katheta, lakini haikupunguza gharama kwa kiwango cha maana. Kwangu asilimia 22 hiyo ni faida ya kweli, kwa sababu nyuma yake wapo watu ambao hawakulazimika kuchomekwa waya.

Swali la kuazima linapofika Afrika hubadilika. Huku halibaki kuwa ni kiasi gani kimeazimwa. Linakuwa kimeazimwa kwa nani.

Hazina kubwa ya picha za moyo ambayo watafiti huchota umbo la kawaida la moyo wa binadamu ni UK Biobank ya Uingereza, yenye watu nusu milioni walioandikishwa kati ya 2006 na 2010, ambao takriban asilimia 95 ni Wazungu. Akili mnemba inayochora ukingo wa moyo imejifunza kwa sehemu kubwa kwenye hazina za namna hiyo. Mashine iliyozoea moyo uliochoka kwa mafuta na uzee wa Ulaya itakutana Dar es Salaam na moyo wa mama wa miaka 24 uliopanuka baada ya kujifungua, na vali ya mtoto iliyokunjamana kwa homa ya baridi yabisi.

Ni vyema ikumbukwe kwamba Afrika haikuwa mbali na chimbuko la picha hizi. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuiwaza hesabu ya CT mwaka 1956 alipokuwa mwanafizikia wa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, na mwaka 1979 akagawana Nobel na Godfrey Hounsfield wa Uingereza. Wala hatukuwa mbali na elimu ya makovu ya moyo. Mwaka 1948 J.N.P. Davies wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo hujaa kovu nene linaloziba ncha ya chumba na kuzuia kisijae damu. Ugonjwa huo, fibrosisi ya endomaiokadia, umeonekana Uganda, Msumbiji na maeneo mengine ya joto, na bado haujapatiwa chanzo kinachokubalika na wote. Mwaka 2008 Ana Olga Mocumbi na wenzake waliripoti kwamba walipeleka mashine ya eko ya kubebeka (inayopiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti) vijijini Inharrime, kusini mwa Msumbiji, wakapima watu 1,063, wakakuta dalili zake kwa asilimia 19.8. Mmoja kati ya watano.

Sitamwambia mkurugenzi wa hospitali yoyote ya Afrika Mashariki aanze na kompyuta kubwa. Kaskazini mwa Uganda, katika utafiti wa Gulu uliochapishwa mwaka 2021, watoto 818 waliogunduliwa kwa eko kuwa na dalili za awali za ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa penisilini kila baada ya wiki nne. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na asilimia 8.2 ya ambao hawakuchomwa. Picha ya bei nafuu na sindano ya zamani vilitosha. Fedha zikiwa za kuchagua, zianzie hapo.

Lakini kuanzia hapo si sababu ya kukaa nje ya haya mengine. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kimeshirikiana na wenzake wa Marekani na Uholanzi kuunda na kuunganisha MRI ndogo ya sumaku dhaifu, kwa ajili ya vichwa vya watoto wenye maji kwenye ubongo. Mtambo huo hauna nguvu ya kuona kovu kwenye moyo unaoruka, ila mafundi walioufunga sasa wanaujua mtambo kutoka ndani. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, na Taasisi ya Moyo ya Uganda, zina madaktari wanaoona kila wiki mioyo ambayo Baltimore haiioni. Mashine za MRI zipo katika miji yetu mikubwa, zikigombaniwa na wagonjwa wa ubongo na uti wa mgongo.

Na kovu lile la Davies linapigika picha. Mwaka 2011 madaktari wa São Paulo, Brazil, ambako ugonjwa huo upo pia, waliripoti kwamba walilitazama kwa MRI na gadoliniamu, likang'aa kama makovu mengine, na waliokuwa na kovu kubwa zaidi ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kampala na Inharrime wapo wagonjwa wale wale. Wakipigwa picha hizo, vipande vyote, vikatunzwa na kuandikwa vizuri, patakuwa na kovu moja ambalo dunia nzima italazimika kuja kuliazima kwetu.